Akina mama wa kanisa na jirani zetu Waislamu tumealikwa Hamburg: waliokwenda tusaidieni

mama_wa_kikwajuni

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mie ni katibu wa umoja wa akina mama kanisani kwetu hapa mjini Unguja. Kuna kanisa moja la Hamburg, Ujerumani, watu wake wameshakuja kwetu, wamelala majumbani mwetu na urojo wa Forodhani wameuonja hadi matumbo yakawatambua. Sasa wametualika sisi twende mwezi wa sita, wiki mbili. Sharti lao ni moja: tuwe wanawake wanane na tusiwe Wakristo watupu. Wanataka tuje na jirani zetu Waislamu.

Watatu tumewapata. Mmoja ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, tumecheza upatu pamoja tangu watoto wetu wako skuli ya msingi. Wa pili anauza visheti na kashata Darajani. Wa tatu mkunga mstaafu wa Mwera. Waume na wana wao wamekubali. Tatizo ni kwamba kila tukikaa barazani linazuka swali jipya na macho yote yananiangukia mie, kwa kuwa ndiye mwenye barua.

Jirani yangu anataka kujua kama nyumba za Wajerumani zina mbwa ndani. Mkunga anauliza habari ya sala, maana kasikia kule jua halizami. Muuza visheti anauliza abebe zawadi gani asije kunyang'anywa uwanja wa ndege. Viza hatujui tuanzie wapi.

Langu mie ni zito zaidi. Kwenye ratiba waliyotuletea kuna jioni moja ya mazungumzo na watu wa mtaa wao, na mada yake ni utumwa Zanzibar na "kuishi pamoja baada ya mashambulizi ya makanisa". Niliisoma, nikaikunja, nikaitia mkobani. Kanisa Kuu la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa, kila mgeni anapelekwa, hata mie nimeshapeleka wageni kule kwenye vile vyumba vya chini. Lakini kuyasema haya hapa nyumbani ni jambo moja. Kwenda kuyasema ugenini, na jirani yangu kakaa ubavuni kwangu na ushungi wake, ukumbi mzima unamtazama yeye, hilo ni jambo jengine. Nitasemaje?

kijana_wa_malindi

Shikamoo Mama. Kazi yangu ni tiketi na makaratasi ya safari, kwa hiyo nitajibu la viza tu.

Mnachoomba ni viza ya Schengen, yaani ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Ombi la kikundi hakuna. Wanane ni maombi manane na kila mtu anatoa alama za vidole vyake mwenyewe huko Dar es Salaam, basi nauli ya boti muiweke kwenye hesabu. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Jibu kwa kawaida ni siku 15, ila msiitegemee kawaida hiyo, anzeni mapema. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya siku mtakayotoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifikie yuro 30,000.

Wenyeji wenu waambieni neno moja: Verpflichtungserklärung. Ni hati ambayo mwenyeji anaitia saini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, akijifunga kubeba gharama zenu. Barua ya mchungaji yenye muhuri inapendeza lakini haina nguvu hiyo. Muuza visheti hana karatasi ya mshahara, hati hii ndiyo itakayomsemea upande wa pesa. Upande wa kurudi nyumbani aonyeshe alichonacho: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, leseni ya biashara, karatasi za shamba kama lipo.

Halafu majina. Pasipoti inasema Mwanaasha, kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Mwanaisha, barua ya mwaliko imeandika Mwana Asha. Sisi tunajua ni mtu mmoja, afisa anaona watatu. Na barua hiyo iwataje wote wanane kwa majina na kazi ya kila mmoja msafarani. Nimewahi kuletewa barua iliyoandikwa katibu fulani "pamoja na wanawake saba wa kanisa". Sasa mkunga wenu wa Mwera akifika dirishani akaulizwa kanisa gani, ajibu nini?

bint_chake

Asalaam alaykum, na Mama wa Kikwajuni shikamoo. Mie mwenyeji wa Chake Chake, Unguja nimeletwa na ndoa. Nilikwenda na msafara wa namna hii, Hamburg hiyo hiyo ila kwa wenyeji wengine. Upande wangu ni huo wa ushungi, kwa hiyo haya nayasema zaidi kwa wale watatu.

Mbwa wamo. Wamo sebuleni, wamo kwenye kochi, na mwengine analala kitanda kimoja na mwenye nyumba. Sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, unaosha mara saba na moja kwa udongo, na ghorofa ya tano udongo utautoa wapi isipokuwa chungu cha maua cha watu. Kavu kwa kavu haina neno. Dawa ni kuandika mapema, kabla hawajagawa nyumba za kulala. Wajerumani hawachukii kuambiwa, wanachukia kuambiwa mtu ameshafika na shuka zimeshatandikwa. Mwenzetu mmoja aliona haya kuandika, akapangiwa nyumba yenye mbwa mkubwa kama ndama, akamaliza safari akisalia juu ya kitanda.

Choo hakina maji, ni karatasi. Kopo jepesi la plastiki, kila mtu na lake. Hili Wakristo na Waislamu wa Zanzibar hatuna khitilafu.

Sala sasa. Mwezi wa sita Hamburg jua linazama karibu saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri limeshatoka, na katikati mbingu haiwi giza kabisa. Isha inaingia saa ngapi? Misikiti ya kule inakisia, na makisio yanatofautiana. Mtu atakwambia wewe msafiri, kusanya sala na uzipunguze, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kwa madhehebu yetu ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha siku ya kufika na ya kuondoka, rukhsa ya msafiri imeondoka, na nyinyi mnakaa wiki mbili. Kwa Mahanafi mpaka ni siku kumi na tano, na Waturuki wa Hamburg wengi ni Mahanafi, basi msije mkapokea jawabu la mtu mwengine mkadhani ni lenu. Mkunga amuulize sheikh wake kabla ya kupanda boti. Sisi tulishika ratiba ya msikiti mmoja mwanzo hadi mwisho, tukampa nakala mwenyeji, naye akaibandika kwenye friji. Baada ya siku chache yeye ndiye akawa anatukumbusha Laasiri.

Chakula ni rahisi kuliko mnavyoogopa, maduka ya Waturuki yamejaa nyama ya halali. Cha kutazama ni jelatini kwenye pipi na keki za baridi, na mvinyo kwenye sosi. Wenzetu Wakristo walikubaliana wenyewe kwamba msafarani nguruwe haliwi, ili meza iwe moja. Hakuna aliyewaomba. Mmoja alinuna kidogo, soseji zikimpita hivi hivi, lakini alivumilia.

Ibada: walitupangia "sala ya pamoja". Tuliwaomba waivunje mbili. Wakristo wasali kwao sisi tukae nyuma kimya, sisi tusali kwetu wao wakae kimya. Ikapendeza, tena watu wa kule walisema ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu akisali hatua chache kutoka walipokaa.

Nije kwenye lako, Mama.

Jioni ya utumwa na sisi tuliwekewa. Ratiba tuliisoma baada ya kufika, na usiku wa kabla tulikaa jikoni sisi kwa sisi, bila mwenyeji hata mmoja, tukakorofishana mpaka saa saba. Nakushauri mkorofishane Kikwajuni, kungali mapema.

Kilichotutatiza ni kwamba ukumbini hadithi ilikuwa imeshagawanywa kabla hatujafungua mdomo: mwenye msalaba ni mjukuu wa aliyeokolewa, mwenye ushungi ni mjukuu wa aliyeuza. Mama mmoja mwema kabisa, wa makamo, alinishika mkono akaniuliza kama najisikia kuwa na hatia. Nikamwambia bibi mzaa bibi yangu alikuwa mjakazi kwenye shamba la mikarafuu Pemba. Alikufa Muislamu, akazikwa Kiislamu, na sisi wajukuu tumejaa Chake na Wete na mashungi yetu. Yule mama aliniachia mkono akakaa chini. Mkunga wako wa Mwera naye muulizeni habari za wazee wake kabla hamjaondoka, kama atapenda kuzisema. Huko mashamba hizo habari zipo nyingi, hazisemwi tu.

Na tarehe zote ziwepo. Soko la watumwa lilifungwa 1873, Sultani Sayyid Barghash akibanwa na Waingereza. Lakini utumwa wenyewe ulipigwa marufuku 1897, chini ya himaya ya Waingereza hao hao, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Halafu Hamburg. Miji ya Hansa, ile miji ya biashara ya Ujerumani, Hamburg ikiwemo, ilitia saini mkataba wa biashara na Zanzibar 1859. Nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa ikisomba kauri, zile simbi za baharini, kutoka kwetu hadi Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa ndiyo fedha. Mwenzetu Mkristo, mwalimu wa historia, ndiye aliyeyasema haya, tena kwa upole. Ukumbi ukabadilika. Watu waliokuwa wanatutazama sisi wakaanza kuulizana wao kwa wao, mmoja akataja jengo la mji wake asilojua pesa yake ilitoka wapi. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, kabla ya hapo yalikuwa maonyesho.

La makanisa msilikimbie, watakuwa wamelisoma. Makanisa yalichomwa Mei 2012. Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Februari 2013. Na semeni pia kwamba Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga wa ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali akifanya mazoezi asubuhi, maana hilo kule halijulikani kabisa. Anayetaka kusema aliogopa aseme aliogopa. Sisi tulikubaliana kwamba kila mtu atasema lake na hakuna atakayejibu kwa niaba ya dini yake. Jirani yako akiulizwa "Waislamu wanaonaje", awe huru kusema mie naitwa fulani, naishi Kikwajuni, niulize mie naonaje.

Mengine mawili ya kuona mkiwa huko.

Makaburi ya Ohlsdorf, alipozikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844, akatoroka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani. Mumewe aligongwa na tramu 1870 akamwacha na watoto wadogo. Sisi wanawake wa Zanzibar mbele ya kaburi lile, hapakuwa na kimya. Mmoja anasema aliacha dini kwa mapenzi, mwengine anasema aliacha kwa kuwa nyumbani angeuawa, mwengine anauliza mirathi yake ilikwenda kwa nani. Mwongozaji wetu alidhani tunagombana. Huyo huyo Salme aliutetea utumwa, na ndiyo maana uwanja mmoja wa Hamburg uliopewa jina lake 2019 ukavuliwa jina hilo baadaye. Kwa jioni yenu ile hakuna mtu anayefaa kutajwa kama yeye: Muarabu, Mkristo, Mzanzibari, mke wa Hamburg, huwezi kumweka upande.

Na mtaa wa Horn, msikiti wa Al-Nour. Ulikuwa kanisa la Kilutheri, Kapernaum, lilifungwa 2002, likauzwa, Waislamu wakalinunua 2012 na kulifungua kuwa msikiti 2018. Mnara wake upo pale pale. Tulipoingia wenzetu Wakristo walinyamaza na mmoja akalia. Sisi tulitaka kufurahi tukaona haya. Usiku yule aliyelia akasema: "Kwetu tuko kiganja, na Jumapili watu wanakosa pa kukaa. Hawa wako wengi na wameliacha." Hasira zake hazikuwa kwetu hata kidogo. Waulizeni wenyeji wenu habari hiyo, na nyie mna haki ya kuuliza.

mzee_wa_darajani

Nyote mnazungumza kama jambo limeshakuwa halali. Mwanamke wa Kiislamu anasafiri bila maharimu, yaani mume au ndugu wa karibu, wiki mbili, nchi ya makafiri, kwa tiketi ya kanisa. Leo mnawapeleka kutembea, kesho tutasikia wamebatizwa. Hata huyo Salme mnayemsifu alianza kwa kutazama dirishani.

bint_chake

Mzee wangu, shikamoo. La maharimu umelisema kwa haki, na wanazuoni wamekhitilafiana juu ya wanawake wa kuaminika kusafiri pamoja. Wengine wameliruhusu kwa hija ya faradhi tu, wengine wameliachia zaidi. Mie nilimuuliza sheikh wangu, mume wangu alikaa kitako akasikiliza, na jawabu tulilopewa tukalifuata. Hao watatu nao wana masheikh zao. Na Salme hatukumsifu, tuligombana juu ya kaburi lake.

La kubatizwa, mie kwa umri huu nimeshapewa vipeperushi na kila mtu hapo Darajani kwako, na bado nasali.

mama_wa_kikwajuni

Mzee, shikamoo, mie ndiye mwenye barua. Nikwambie ukweli, hata upande wetu wapo walionuna. Mama mmoja wa umoja kaniuliza kwa nini nafasi tatu za kanisa wapewe wasio wa kanisa, na yeye ametoa michango miaka yote. Sikumpata kwa maneno. Lakini nilipofiwa, aliyekuja kuosha vyombo siku tatu mfululizo ni jirani yangu, na huyo mama alikuja siku ya mazishi akaondoka. Siwezi kwenda Hamburg kusema tunaishi pamoja nikamwacha nyuma mtu ninayeishi naye.

bint_chake mwanangu, hilo la bibi yako limenikaa. Nimemwonyesha jirani yangu, kasema babu yake alikuwa mtu wa Mrima, pwani ya bara, aliletwa, na neno "aliletwa" nimelisikia kwake miaka yote nikidhani aliletwa kikazi.

mwana_kwaya

Mie Mkristo wa Mwanakwerekwe, na nitasema tofauti kidogo na dada. Kwa nini mada za jioni zinapangwa wao? Wageni wakija kwetu tunawapeleka msitu wa Jozani na mashamba ya viungo, hatuwakalishi kwenye ukumbi kuwauliza habari za vita vyao na mauaji ya Wayahudi mbele ya watu. Sisi tukienda tunawekewa utumwa na tindikali. Tunaalikwa kama majeraha. Mama, andika barua leo. Wape mada mbili za kwenu: upatu, kwa mfano, jinsi wanawake wa dini mbili wanavyoaminiana pesa bila karatasi. Hilo watalishangaa kuliko utumwa. Au mkunga asimulie uzazi, maana huko alikopita hajawahi kumuuliza mzazi dini yake kwanza. Ya utumwa ibaki, sikatai, lakini isiwe jioni ya kwanza wala isiwe peke yake. Na muombe wa kwao nao waje na Waislamu wa mtaa wao. Mwisho mtafika mkute jirani wa msikiti wa pili hawajawahi kumkaribisha hata kikombe cha kahawa.

bint_chake

Hapo kwa Waislamu wa mtaa wao, mwana_kwaya kapiga penyewe. Sisi walikuja jioni ya mwisho tu, na ilikuwa jioni nzuri kuliko zote.

mama_wa_kikwajuni

Barua nimeianza. Nimeomba majina manane, nimeomba jioni ya utumwa isogezwe wiki ya pili, na ya upatu ije mwanzo. Jirani yangu kasema ataieleza yeye, kwa sharti nisitaje nani alikimbia na zamu yake mwaka ule. La mbwa nimeliandika kwa herufi kubwa.

Limebaki la zawadi, muuza visheti ananisumbua.

kijana_wa_malindi

Mama, nyama na vitu vya maziwa kuingia Ulaya mkononi ni marufuku, hata samli ya Pemba iacheni. Visheti vya unga na kashata ya nazi havina tabu, vifungwe vizuri na viwe vya kutosha familia tu. Matunda mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Naam, doriani Ulaya wanaruhusu. Shirika la ndege ndilo litakalowakataza, na abiria wenzenu. Viungo vikavu ni sawa, ila karafuu mnunue dukani kwenye pakiti na mweke risiti, msichukue kwenye kipolo cha mtu, mnajua wenyewe serikali ilivyo kali na biashara ya karafuu. Magamba ya kasa, matumbawe na makome makubwa msiguse. Kanga bebeni mtakavyo.

Na wakija wao mwakani, waambieni mapema: viza ya kawaida dola 50, na tangu Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar analipa bima ya hapa hapa ya dola 44, hata kama ana bima ya kwao. Mwaka huu nimeshatukanwa na Mjerumani mmoja kwa sababu hiyo, na mie si niliyeiweka.